Macho ya Refa

28 Oktoba

Nimefika kijijini siku ya sikukuu, na hilo ndilo kosa langu la kwanza. Leo nchi nzima inaadhimisha siku ilipowajibu wavamizi Hapana wakati wa vita. Watoto wameandamana na bendera, maduka yamefungwa, na mwenye ufunguo wa chumba nilichoahidiwa amekwenda mjini Kalamata kula samaki kwa shemeji yake. Nimeshinda nimekalia sanduku la mitambo yangu kama mpangaji aliyetolewa vyombo nje.

Mgonjwa wangu ni Bwana Anargiros, refa mstaafu wa ligi za wilaya, mtu ambaye mkoa mzima wa Messinia umewahi kumtukana. Ugonjwa umemkausha misuli mmoja mmoja: mikono mwaka jana, ulimi Julai, nyusi Septemba. Akili ni nzima na macho ni mazima. Kitanda chake kiko sebuleni, kwa hiyo kila anayekwenda jikoni kuchemsha kahawa humpitia na kumwachia salamu, umbea na ushauri.

Kazi yangu ni kumrudishia maneno. Kamera inafuata macho yake yanapotazama herufi kwenye skrini, na kofia yenye nyaya inasikiliza ubongo. Akiikusudia herufi kweli, kofia inathibitisha na herufi inaandikwa. Macho huchagua, ubongo hutia sahihi. Chuoni Patra inafanya kazi vizuri sana, kwa wanafunzi wenye afya wasio na shangazi.

Haraka inatoka kwa Daktari Leventis. Pumzi ya mzee inapungua. Kifua kikimbana majira haya ya baridi, ama atobolewe koo na kufungwa mashine ya kupumulia maisha yake yote, ama aachwe aende zake. Daktari anataka neno la mzee mwenyewe, maana hapa nyumbani kila mtu ana lake.

Nimeyaona leo leo. Mkewe, Bi Garifalia, alimuuliza mbele yangu kama anaitaka hiyo mashine. Mzee akatupa macho juu.

"Umeona, mwanangu? Amekataa," akaniambia. Kwetu anayekataa hana haja ya kufungua mdomo. Hunyanyua nyusi, macho yakaenda juu, basi.

"Amekataa nini?" akadakia Shangazi Stamata, dada mkubwa wa mzee. "Huoni anamtazama Mama wa Mungu? Anaomba apewe uhai!"

Na kweli, ukutani mbele ya kitanda, juu kabisa, imetundikwa ikoni, picha takatifu ya Mama wa Mungu.

"Nimeishi naye miaka arobaini, Stamata. Leo wewe ndiye unayejua anatazama nini?"

"Mimi nilimfunga nepi!"

Mzee akafumba macho. Mimi pia.

30 Oktoba

Jua. Mavuno ya zeituni yameanza. Shamba linaanzia nyuma ya dirisha la sebule, na Nikitas, mtoto wao, ameegesha jenereta ya mashine za kuangulia zeituni chini ya dirisha hilo hilo. Ikiwaka, kofia haisikii ubongo, inasikia jenereta. Nimemwomba aisogeze.

"Nisogeze wapi, dada? Waya haufiki."

"Nunua waya mrefu."

"Na wewe nunua kofia yenye masikio mazuri."

2 Novemba

Mvua. Hakuna jenereta, mawimbi ya ubongo ni safi kama maji ya kisima. Lakini mvua ikinyesha hakuna anayekwenda shambani, na asiyekwenda shambani anakuja kumtazama mgonjwa. Leo sebule ilijaa. Mmoja alimletea mzee kisa cha penalti aliyowanyima zamani, na akadai jibu.

Nimeielewa hali yangu. Jua likiwaka nina jenereta, mvua ikinyesha nina kijiji.

5 Novemba

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimepewa reki ya plastiki nikaambiwa nikiwa sina kazi nichane zeituni. Nina kazi! Nimechana zeituni mpaka jioni.

9 Novemba

Shangazi alinikuta nampaka mzee jeli kichwani.

"Unampaka nini kaka yangu?"

"Jeli, Shangazi. Inasaidia kofia kuusikia umeme wa ubongo."

"Umeme! Kichwani! Hata samaki wa kuoka hapakwi hivyo."

Nilipotoka kupokea simu alimwosha kichwa kwa sabuni ya mafuta ya zeituni, akamchana, akamtia manukato. Nikaanza upya. Mzee alinitazama, na naapa macho yake yalikuwa yanacheka.

13 Novemba

Jua. Jenereta. Sina la kuandika lisilo tusi.

19 Novemba

Mvua, na neno la kwanza!

Asubuhi nilimzoesha kamera, kofia ikakaa sawa. Wageni hawakuwa wengi: jirani wawili, Bi Garifalia na unga mikononi, na Shangazi ambaye siku hizi namhesabu kuwa sehemu ya fanicha. Herufi ya kwanza ikatoka. N.

"Njaa!" akasema Shangazi.

"Shangazi, mwache amalize."

NYA.

"Njoo Garifalia, anataka nyama!"

"Stamata, ni mfungo wa Noeli."

"Padri atamsamehe. Mgonjwa hafungi."

NYAMA. Shangazi akapiga makofi, akatutazama mmoja mmoja kama mtu aliyeshinda kesi, akakimbilia jikoni. Hakuwepo herufi zilizobaki zilipotoka, polepole, kila moja kwa jasho la mzee na langu: NYAMAZENI.

Nilicheka mpaka nikalia. Bi Garifalia aliweka mkono wenye unga juu ya paji la uso wa mumewe. Wale jirani walibishana nani kati yao ndiye aliyeambiwa. Shangazi alirudi na sahani ya nyama iliyosagwa, akasomewa neno zima, akasema bila kupepesa jicho, "Haya, mmesikia? Nyamazeni ale."

24 Novemba

Wiki nzuri. Mvua ya mfululizo, Nikitas ananuna, mimi nafanya kazi. Mzee sasa anaandika sentensi. Ameandika: REFA SI KIZIWI, ALIKUWA HATAKI TU KUSIKIA. Ameandika kwamba kahawa ya Garifalia anaisikia harufu na hainywi, na kwamba hili ndilo faulo kubwa kuliko zote. Kuhusu koo bado hajaandika. Nikikaribia swali hilo macho yanazunguka sebule, yanatafuta nani yupo, kisha yanafumba.

Kwa furaha nikapayuka. "Shangazi, sijawahi kuona macho mazuri kama haya. Kamera inayapenda. Chuo kizima kitatuonea wivu."

Shangazi akageuka rangi. "Tema mate, binti."

"Nini?"

"Umeyasifu macho ya mgonjwa, ukataja na wivu juu yake, hukutema mate kufukuza kijicho! Tema!"

Nikatema, tfu, tfu, tfu, mtafiti mzima. Akasema nimetema kama mtu wa mjini na haitoshi.

27 Novemba

Daktari Leventis amekuja, na bila shaka leo jua limetoka. Zamu yao kwenye kinu cha kukamulia mafuta ni kesho, kwa hiyo Nikitas hakutaka hata kusikia habari ya kuzima jenereta.

"Nusu saa tu, Nikitas. Ni habari ya baba yako."

"Baba yangu mwenyewe angeniambia nivune."

Daktari alikuwa na wagonjwa wengine wa kuwaona mlimani. Nikaamua. Nikaizima kofia, nikaacha macho peke yake. Skrini nikaigawa mara mbili, kushoto NDIYO, kulia HAPANA. Ukitazama upande mmoja bila kuuacha, kompyuta inauandika.

Daktari akauliza taratibu, kwa heshima, akarudia mara tatu: "Bwana Anargiros, kifua kikizidi, unataka tukutoboe koo na kukuweka kwenye mashine?"

NDIYO. NDIYO. NDIYO. Bila kutikisika, bila kuyumba. Sijawahi kupata kipimo safi namna hiyo, hata kwa wanafunzi.

Shangazi alianguka magotini. Nikitas aliingia na buti zake za matope, akambusu baba yake kwenye paji la uso, akatoka tena haraka ili tusimwone. Bi Garifalia alisimama mlangoni mwa jikoni ameshika kitambaa cha vyombo, akasema tu, "Basi ndiyo." Machozi yalimtoka mzee mpaka kwenye masikio. Tukasema ni ya furaha. Kisha akatupa macho juu, akayaacha huko.

"Anamshukuru," akasema Shangazi, na leo hakuna aliyembishia.

1 Desemba

Profesa Kalliga, mkuu wangu, amepiga simu kutoka Patra. Usahihi wa asilimia mia moja! Anataka kipimo cha tarehe 27 kiwe katikati ya makala. Daktari ameshamwekea mzee nafasi ya kitanda hospitalini. Mzee atapelekwa tarehe 12, wamtoboe kwa utulivu kabla kifua hakijamshika.

4 Desemba

Mzee hataki kuandika. Kofia haisikii kusudio lolote. Nikiiondoa kofia, skrini inajaa herufi moja tu, L, L, L, L, mpaka mwisho wa mstari. Nimebadilisha waya. Nimeilaumu jenereta, nimeilaumu baridi. Leo nimemlaumu hata yeye, kwamba ananuna. Nilimwambia hivyo usoni. Akafumba macho.

8 Desemba

Naandika yote kama yalivyotokea.

Mvua tangu alfajiri. Baada ya chakula cha mchana mzee alisinzia, mdomo wazi, anakoroma. Nilikuwa nakunja nyaya. Nikaitupia macho kompyuta, na kwenye kona ya skrini kile kitaa cha kijani kilikuwa kinawaka, kitaa kinachomaanisha kwamba kamera inaliona jicho na inalifuata.

Jicho lipi? Mtu amelala fofofo!

Nikamtazama mzee. Kope zimefumba. Nikaitazama skrini. L, L, L, L. Kompyuta inaandika, mwenyewe anakoroma.

Nikaifungua picha ya kamera yenyewe. Na hapo nikaliona, duara jeusi ndani ya duara jeupe, linang'aa vizuri sana chini ya ule mwanga wa kamera ambao sisi hatuuoni, limetulia tuli. Halikuwa usoni mwa mzee. Lilikuwa kwenye foronya, kando ya panja lake la kushoto. Nikainua ukingo wa lesi yenye vitundu, nikaukuta ushanga wa kukinga kijicho, ule wa kioo cha buluu wenye jicho katikati, mpya kabisa, umefungwa kwa pini.

"Shangazi!"

Akaja mbio na mwiko.

"Huu umeuweka lini?"

"Siku ile ile ulipoyasifu macho yake. Wewe ulijua kutema? Nikaenda kwa mke wa padri, nikauleta mkubwa. Kwani vipi?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilijikalia sakafuni. Shangazi aliuweka ushanga kwa sababu ya maneno yangu, na kamera ikaupenda kwa sababu ni jicho lisilopepesa, lisilochoka, lisilolia. Ule usahihi wa asilimia mia ulikuwa wa kioo kilichoelekea kushoto daima, palipokuwa na NDIYO na palipo na herufi L. Kofia ingelikataa jibu lile papo hapo, kwa kuwa kioo hakina ubongo, lakini kofia niliizima mimi, kwa mkono wangu, kwa sababu daktari alikuwa na haraka na mimi nilikuwa na hamu. Na yeye alilala pale akitazama HAPANA, au NDIYO, sijui, huku kompyuta ikimjibia. Akalia, tukamwambia anafurahi. Wiki moja baada ya hapo nikamwambia ananuna.

Niliwaeleza wote mezani. Ilibidi nieleze mara mbili kwa sababu mara ya kwanza Shangazi alikuwa anapiga kelele.

"Sasa unasema ushanga wangu ndio uliosema ndiyo? Basi Mungu ameutumia! Acheni kama ilivyo!"

"Shangazi, tarehe 12 wanamtoboa koo mtu ambaye hajajibu."

Nikitas alisukuma sahani ya dengu. "Yaani mashine ya chuo kikuu imedanganywa na ushanga wa dukani."

"Ndiyo."

"Na tungenyamaza, nani angejua?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtoto anayemtaka baba yake.

Bi Garifalia alikuwa anaokota makombo ya mkate, punje moja moja, anayaweka kiganjani.

"Mimi nilijua," akasema.

Tukamgeukia.

"Sikujua habari ya ushanga. Lakini yule hajawahi kujibu haraka hivyo maisha yake yote. Ukimuuliza anataka dengu au maharagwe anafikiri mpaka vinapoa. Na alitupa macho juu, mkasema anashukuru. Nilijua."

"Mbona hukusema, Bi Garifalia?" nikamuuliza.

"Kwa sababu lile jibu nililipenda."

Nilikuwa na hasira ya kumpasua mtu, na sikupata mahali pa kuiweka. Hata mimi nililipenda. Lilikuwa na namba nzuri.

10 Desemba

Daktari amekuja tena. Mvua, jenereta kimya, ushanga uko mfukoni mwangu, kofia iko kichwani. Jirani niliwazuia mlangoni. Mmoja aliniita mkoloni. Shangazi alikubali kukaa kwa sharti la kushika mkono wa kaka yake.

Kwanza nilimwomba mzee radhi, kwa sauti, mbele ya watu. Nilimweleza habari ya ushanga. Alinikazia macho muda mrefu, na kofia ikaonyesha mawimbi ambayo sina jina lake kitaalamu. Nadhani alikuwa ananitukana.

Daktari akauliza. Kidoti kinachofuata macho yake kwenye skrini kikaenda kulia, kikayumba, kikarudi kulia, kikakaa. Kofia ikathibitisha. HAPANA.

"Ni mashine tena!" Shangazi akaruka. "Safari hii ni taa! Ni dirisha! Ni kioo cha saa ya daktari! Juzi ilisikiliza ushanga, leo mnaiaminia nini?"

Na ubaya wake ni kwamba alisema kweli. Maji yakimwagika hayazoleki. Daktari mwenyewe alikuwa anaitazama kompyuta yangu kama shahidi aliyewahi kusema uongo.

"Mimi siwezi kuweka sahihi kwa hii peke yake," akasema. "Nisameheni."

Hapo Bi Garifalia akavua aproni. Akaizungusha skrini ikatazama ukuta. Akavuta kiti, akapanda, mwanamke wa miaka sabini na goti bovu, na kabla sijamfikia alikuwa ameshaishika ikoni ya Mama wa Mungu. Akaibusu. Akaing'oa ukutani, akashuka nayo, akamkabidhi Shangazi.

"Mshike wewe," akasema. "Mshike vizuri."

Juu ukutani ukabaki msumari, na mraba wa chokaa nyeupe pale moshi wa ubani haukuwahi kufika.

Akakaa ukingoni mwa kitanda, uso kwa uso na mumewe.

"Anargiros. Hakuna mashine sasa. Hakuna ikoni. Ni mimi ninayekuuliza, na kile ninachokitaka mimi unakijua, usikitazame. Wakutoboe?"

Alifikiri. Kama alivyosema mkewe, dengu zingepoa. Shangazi alikuwa ameikumbatia ikoni kifuani.

Macho ya mzee yakaenda juu. Yakapita uso wa mkewe, yakafika ukutani kwenye msumari mtupu, yakakaa hapo.

"Haya," akasema Bi Garifalia. "Haya, mume wangu. Nimekusikia."

Daktari aliandika. Nikitas alikwenda kusimama mvuani. Baadaye mzee alianza kuitafuta skrini kwa macho, nikaigeuza. KA, akaandika. Shangazi alifungua mdomo. Bi Garifalia akamtazama, naye akaufunga. Tulingoja. Mvua ilikuwa inapiga vigae, kahawa ilichemka jikoni ikamwagikia jiko, na hakuna aliyemmalizia neno.

KADI YA NJANO.

"Ya nani?" akauliza Bi Garifalia.

Akamtazama yeye. Kisha dada yake. Kisha mimi, na kwangu akakawia.

23 Desemba

Zeituni zimekwisha. Nikitas amezima jenereta, sasa, wakati sihitaji tena. Mzee anaandika kila siku. Leo amelalamika kwamba mafuta mapya yamekamuliwa vibaya. Alikuwa ametiwa tone moja ulimini.

14 Januari

Kifua kilimbana baada ya sikukuu ya kubariki maji. Daktari alimpa dawa za kumtuliza tu. Amefariki nyumbani, sebuleni, katikati ya watu wanaokwenda jikoni. Mazishi yalijaa watu aliowahi kuwapa kadi nyekundu.

Profesa Kalliga amepiga tena. Anasema kipimo cha tarehe 27 kinaweza kubaki kwenye makala kwa maelezo madogo chini ya ukurasa. Nimemwambia hapana. Akasema nifikirie. Nimemwambia kwetu mtu akishatupa macho juu hafikirii tena.

Nimefunga mitambo. Kabla sijatoka, Shangazi alinishika begani, akautoa ule ushanga mfukoni mwangu, akaufunga kwa pini kwenye kola ya koti langu. "Njiani kuna watu wenye macho," akasema. Nimeuacha hapo hapo.

Ikoni bado iko chumbani kwa Shangazi. Nilimwuliza Bi Garifalia kama anataka nipande niitundike kabla ya basi.

Alikitazama kitanda kitupu, kisha msumari mtupu ukutani.

"Bado," akasema. "Acha kwanza jibu lake likae."